Ilish au kamba? Chagua timu yako mezani!

Ukijaliwa kufika Kolkata, India, ukaingia kwenye hoteli ya msosi wa Kibengali, usije ukaumbuka! Wenzetu hawarundiki kila kitu kwenye sahani kwa mpigo kama pilau la harusini. Vyakula vinakuja kwa zamu.

Kwanza shukto, mchanganyiko wa mboga wenye karela. Chungu hiyo! Usikunje uso, wenyewe wanasema inafungua hamu. Kisha wali na dengu, samaki, nyama ya mbuzi, mwishoni chatne tamu, mtindi wa sukari na rosogolla. Sasa wewe jishibishe kwenye dengu, utabaki kutumbua macho.

Kasheshe ni kwenye samaki. Ilish anapikwa kwa haradali, mtamu balaa, lakini miiba kibao. Weka kijiko pembeni, tumia vidole. Kamba wakubwa wanaungwa kwa tui la nazi, kama Pwani kwetu.

Hapo ndipo mpira unapoingia. East Bengal (1920) wakishinda, mashabiki wao wanakula ilish. Wakishinda Mohun Bagan (1889), ni kamba. Simba na Yanga watupu!

Ila siyo utani mtupu. India ilipogawanywa mwaka 1947, wengi walikimbia Bengali ya Mashariki, leo Bangladesh, wakaacha nyumba na mashamba. Ladha waliondoka nayo.

Kwa hiyo ukimwona mzee ananyonya mwiba taratibu, macho kafumba, usimcheke. Yuko kwao huyo.