Chipu yenye kidirisha: Jua la wiki moja linatosha kuifuta kumbukumbu

Chukua flashi yako. Unaweka muvi, unafuta, unaweka nyimbo, maisha yanasonga. Sasa fikiria chipu ambayo ukitaka kufuta kilichomo lazima uing'oe kwa mashine, uiweke chini ya taa maalum kama dakika 20, halafu ndiyo uandike upya. Hiyo ndiyo EPROM. Kuna wasee huko duniani ambao wikendi zao huishia hapo, kwa sababu bila hiyo chipu kompyuta zao za miaka ya 1980 ni mapambo ya meza tu.

Kuitambua si kazi. Mgongoni ina kidirisha cha kioo, na ukichungulia unaona kipande cha silikoni kikimetameta ndani. Aliyeibuni ni Dov Frohman wa kampuni ya Intel. Alikuwa anachunguza hitilafu fulani kwenye chipu, na hitilafu hiyo ikampa wazo. Mwaka wa 1971 ikatoka ya kwanza, 1702, yenye uwezo wa kubeba baiti 256. Hizo ni SMS moja na nusu hivi, basi.

Inafanyaje kazi? Ndani kuna vyumba vidogo sana vilivyozungushiwa ukuta usiopitisha umeme. Ukitaka kuandika, unatumia volti za juu kusukuma elektroni hadi ndani, na zikishaingia zinanaswa. Chumba kitupu husomeka 1, chenye elektroni husomeka 0. Umeme ukipotea, wafungwa wako bado wako ndani. Ila ukitaka kuwatoa, huwezi kuchagua mmoja. Miale ya UV inapopita kwenye kidirisha, ni msamaha wa rais kwa gereza zima: wote wanatoka.

Tuchukue mfano wa BBC Micro, kompyuta iliyotengenezwa na Acorn ya Cambridge, Uingereza, kuanzia 1981, ikajaa kwenye shule za huko. Usiicheke. Acorn hiyo hiyo ndiyo iliyobuni prosesa ya ARM, na Sophie Wilson aliijaribu kwanza kwa programu aliyoiandika kwenye BBC Micro. Simu uliyoshika sasa hivi karibu hakika ina mjukuu wa ARM ndani yake.

BBC Micro ina soketi za pini 28, na EPROM aina ya 27128, yenye kilobaiti 16, inakaa humo bila kubadilisha chochote. Ndiyo maana programu nyingi za ziada, kama zile za kuchapa barua, ziliuzwa zikiwa ndani ya chipu. Unanunua, unafungua kompyuta, unachomeka. Kampuni ndogo zilipenda EPROM kwa sababu unaweza kuandika chache tu bila kuagiza maelfu kiwandani.

Shida ni kwamba zile elektroni huvuja polepole. Watengenezaji walikuwa wakiahidi miaka 10 na zaidi, na nyingi zimepita 40 zikiwa bado nzima. Lakini biti moja tu ikigeuka, programu inaweza kukwama. Na kama kampuni ilishafungwa na hakuna aliyehifadhi nakala, hiyo kazi ya mtu imeenda.

Kwa hivyo fundi makini haanzi kwa kufuta. Anaanza kwa kusoma. Anaweka chipu kwenye programa, kile kifaa cha kuandikia chipu ambacho huchomekwa kwa laptopu, anaisoma mara mbili au tatu na kulinganisha. Zikitofautiana, anajua kuna biti zinayumbayumba. Zikilingana, anahifadhi nakala mahali zaidi ya pamoja.

Halafu ndiyo kufuta. Anasafisha kidirisha gundi yote itoke, anaweka chini ya taa ya UV ya aina ile inayoua viini, karibu sana, dakika 15 hadi 20. Ile taa ya kukaushia jeli ya kucha saluni haina makali hayo, usijisumbue. Na taa yenyewe huwa ndani ya kisanduku kilichofungwa, kwa sababu miale hiyo huchoma macho na ngozi.

Anahakikisha chipu ni tupu, kila biti ikiwa 1, ndipo anaichoma, kama tulivyokuwa tukichoma CD. Hapa volti ndiyo mambo yote. 2716 ya zamani inataka 25, nyingi za baadaye zinataka 12.5. Ukiizidishia, umeiua. Mwisho analinganisha kilichoandikwa na faili, anafunika kidirisha kwa stika isiyopitisha mwanga, na kuirudisha kwenye soketi umeme ukiwa umezimwa na kile kikato cha chipu kikiangalia upande wake. Stika si urembo. Jua la moja kwa moja linaweza kuifuta kwa wiki moja hivi, na mwanga wa taa za flurosenti chumbani kwa miaka kama 3.

Unajiuliza haya yanakuhusu nini wewe uliye Nairobi. Fundi wa laptopu anayesoma na kuandika upya chipu ya BIOS iliyoharibika anafanya kazi ya ukoo huo huo, ila chipu yake ni ya fleshi na haihitaji taa. Na EPROM hazikukaa kwenye kompyuta pekee. Mashine nyingi za viwandani za enzi hizo zilizitumia pia. Bodi ya aina hiyo ikifika kwa wauza vyuma chakavu, kinachopimwa kwa kilo ni shaba na plastiki, si programu iliyomo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukikutana na chipu yenye kidirisha, ifunike kwanza, kisha tafuta mtu wa kuisoma. Kuuza chuma kunaweza kungoja hadi kesho.