JICHO LA KAMERA HALISINZII, LAKINI KIDONGE KIANGALIE NA WEWE!

UKIFIKA Kemambo, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa North Mara, usijifanye mwalimu wa kuwafundisha watu kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Wanajua! Mpe mtu wa huko jiwe uone. Ataligeuza, atalilowesha maji, atalipeleka juani, ndipo mzungumze bei.

Lakini mtu huyo huyo mpe vidonge. Hata karatasi yake haisomi. Kidonge mdomoni, maji juu yake, kwisha kazi!

Msomaji wangu, hapo ndipo penye balaa. Na wana Tarime wasidhani nazungumzia mambo ya Ulaya. Agosti 2012, wakaguzi wa TFDA walikuwa kwenye ukaguzi wao wa kawaida katika Hospitali ya Wilaya ya Tarime. Wakakutana na ARV zilizoandikwa TT-VIR 30, wakazitilia shaka. Zikapimwa, ikabainika ni bandia. Oktoba 2012 aliyekuwa Waziri wa Afya, Dk. Hussein Mwinyi, akalitangazia taifa. Fikiria mgonjwa anayemeza dawa kila siku bila kukosa, kumbe virusi vinachekelea!

Sasa swali la mtu mwenye akili zake: kabla dawa haijapanda gari kuja huku kwetu, nani anaiangalia?

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya macho ya binadamu, na viwanda vingi bado vinayatumia. Chukua vichupa vya dawa ya sindano. Kanuni za dawa za Ulaya zinataka kichupa kiangaliwe sekunde 5 mbele ya ubao mweupe na sekunde 5 mbele ya ubao mweusi, chini ya taa kali. Uchafu mweusi unaonekana kwenye weupe, na mweupe unaonekana kwenye weusi. Safi kabisa!

Tatizo ni kwamba binadamu anachoka. Anawaza ada ya mtoto, anapiga miayo, kichupa kinapita. Watafiti walishapima jambo hili tangu zamani: kichupa kile kile chenye kasoro, mkaguzi yule yule anaweza kukikamata asubuhi na kukiachia mchana.

Ndiyo maana viwanda vikubwa vimeweka kamera zilizofungwa kwenye kompyuta. Vidonge vinapita chini ya taa, kamera inapiga picha, kompyuta inalinganisha. Kilichovunjika, chenye rangi tofauti, tundu lisilo na kidonge, namba ya toleo isiyosomeka... vyote vinatupwa pembeni kabla hujapepesa jicho. Siku hizi kompyuta inafundishwa kama mtoto: inaonyeshwa maelfu ya picha za vizuri na vibovu mpaka inajua tofauti yenyewe.

Kwa vichupa kuna ujanja mtamu zaidi. Mashine inakizungusha kichupa kwa kasi, halafu inakisimamisha ghafla. Chupa imetulia, lakini maji ndani bado yanazunguka. Kinachotembea pamoja na maji huenda ni uchafu. Kilichosimama palepale ni mkwaruzo wa chupa tu. Nani aliyefikiria hivyo? Huyo apewe soda!

Hata hivyo usije ukaanza kuabudu kamera. Nayo ina mapungufu yake. Povu dogo la hewa linaweza kuidanganya, dawa nzima ikatupwa bure na hasara ikawa ya kiwanda. Kubwa kuliko yote, kamera hiyo inaona sura, haioni tumbo! Kidonge cha chokaa kilichochongwa vizuri na kupakwa rangi sawasawa kitapita mbele yake kifua mbele. Kujua ndani kuna nini ni kazi ya maabara. Tena kamera inakagua kilichopita mbele yake tu. Tapeli anayefunga dawa chumbani kwake usiku hana kamera, wala haitaki.

Kwa hiyo kumbuka lile la Tarime. Dawa zilikwishafika hospitali, na walioziwahi ni watu waliokwenda, wakashika kopo, wakaangalia, wakauliza. TFDA hiyo tangu 2019 inaitwa TMDA, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliipandisha Tanzania ngazi ya 3 ya udhibiti wa dawa, nchi ya kwanza Afrika. Hongera zao! Ila mkaguzi hawezi kulala kwenye kila duka la dawa Nyamongo.

Jicho la mwisho ni lako. Nunua kwenye duka lenye kibali, siyo kwa mtu wa begi gulioni. Soma jina, tarehe ya kwisha na namba ya toleo kwenye boksi na ndani, zikipishana, shtuka. Ukiona rangi si ile ya mwezi jana au kidonge kinamong'onyoka, usikitupe wala usiache tiba kimya kimya. Kirudishe kwa nesi au mfamasia, umuulize, "Dada, mbona hii iko hivi?"

Usione aibu. Jiwe unalitazama mara tatu, na jiwe hulimezi!