Je, Wajua? Mbu, Konokono na Taa za Rusinga

Ukivuka kutoka mji wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, unaingia Rusinga, kisiwa kidogo kilichokumbatiwa na Ziwa Victoria. Wengi hukijua kwa kaburi la Tom Mboya, au kwa fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa miaka milioni 18 hivi, ambalo Mary Leakey alilipata huko mwaka 1948. Sasa kaa kitako nikusimulie mengine: jinsi paa, choo na maji ya kunywa vinavyoamua nani ataugua na nani ataamka mzima.

Mbu hupenda harufu ya miguu

Mbu aina ya *Anopheles gambiae*, msambazaji hodari wa malaria, huvutwa na harufu ya nyayo za binadamu, na pia na jibini la Limburger kutoka Ulaya, linalonuka kama soksi za juzi! Sababu ni kwamba bakteria wanaolipa jibini hilo harufu yake ni ndugu wa karibu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vyetu vya miguu. Mtafiti Bart Knols wa Uholanzi alitunukiwa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2006 kwa ugunduzi huo uliochekesha watu, lakini ukafungua njia: ukijua mbu anapenda kunusa nini, unaweza kumtegea.

Kisiwa kizima kilitega mbu

Kati ya mwaka 2012 na 2015, nyumba zaidi ya 4,000 za Rusinga, zenye wakazi wapatao 25,000, ziliwekewa mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua. Mtego huo uliitwa Suna, neno la Kijaluo lenye maana ya mbu. Ndani yake mna feni ndogo na chambo kinachonukia kama mwili wa mtu. Mbu akija akidhani amepata chakula cha usiku, feni humvuta ndani, na safari yake inaishia hapo.

Matokeo? Mbu aina ya *Anopheles funestus* walipungua kwa karibu asilimia 70, na maambukizi ya malaria yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30 yakilinganishwa na yale ya nyumba ambazo zilikuwa bado hazijafikiwa. Yaani katika kila watu kumi ambao wangepata vimelea, watatu waliponea.

Mwanya mdogo ndio mlango mkuu wa mbu

Mbu wa malaria akigonga ukuta hupanda juu, kisha huingia kupitia ule mwanya kati ya ukuta na paa ambao fundi huuacha ili hewa ipite. Mlango unaweza kufungwa kwa kufuli tatu, naye akapita juu kama mwenye nyumba! Magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu kuweka dari ya mikeka ya mafunjo, mmea uotao kando ya ziwa hilohilo, na mbu waliokuwa wakiingia ndani wakapungua sana. Dawa ya kunyunyizia haikuhitajika.

Unyayo wa ng'ombe ni wodi ya uzazi

Ng'ombe akikanyaga tope baada ya mvua, maji yanayobaki katika alama ya ukwato wake yanatosha kulea mbu wa malaria. Kukiwa na joto la kutosha, yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Ndiyo maana kufukia vidimbwi vya uani ni kazi ya afya kama ilivyo kazi ya muuguzi.

Kuna mbu waliokwisha kupata kinga yao

Mwaka 2020, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye kampasi yake Mbita mkabala na Rusinga, walitangaza kwamba baadhi ya mbu wa Kenya hubeba kijidudu kiitwacho Microsporidia MB, na kwamba kijidudu hicho huwazuia wasibebe vimelea vya malaria. Mbu mwenyewe hadhuriki, na mama humrithisha mwanawe. Hebu fikiria: siku moja huenda tukawaachia mbu wenyewe kazi ya kusambaza kinga.

Kaunti moja, chanjo ya kihistoria

Tarehe 13 Septemba 2019, Kenya ilizindua chanjo ya malaria kwa watoto, na mahali palipochaguliwa ni Ndhiwa, katika kaunti hiihii ya Homa Bay. Palichaguliwa pale ambapo ugonjwa una mizizi: kandokando ya ziwa ndiko malaria huwasumbua Wakenya zaidi.

Neti za mbu zageuka mikeka ya omena

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, vijiji saba vya wavuvi kando ya ziwa vilikutwa na neti zaidi ya 200 zikiwa zimetandazwa ufuoni, zimejaa omena, yaani dagaa wa ziwani! Wenyeji walieleza kwamba samaki hukauka upesi juu ya neti, na neti zenyewe zilipatikana kwa bei nafuu au bure. Mvuvi akipata chanja nzuri ya kuanikia omena, neti itarudi kitandani inakohitajika.

Minyoo wanaoishi wamekumbatiana

Tuwaache mbu, tuingie majini. Minyoo wa kichocho huishi wawili wawili, jike amelala ndani ya mfereji ulio mwilini mwa dume, na wanaweza kukaa hivyo miaka kadhaa ndani ya mishipa ya damu ya mtu. Kila siku jike wa aina inayopatikana ziwani humu hutaga mayai kama 300. Yai likifika majini kupitia kinyesi, kiluwiluwi hutoka na kumtafuta konokono. Kiluwiluwi kimoja tu huzaa maelfu ya wengine ndani ya konokono huyo, ambao hupenya ngozi ya muogaji kwa dakika chache.

Dawa huwaua minyoo, lakini mtoto akirudi kuoga palepale huambukizwa upya. Choo kizuri hukata mnyororo mapema zaidi, kwa maana yai lililobaki shimoni halimwoni konokono kamwe.

Tuta lililofunga pumzi ya ziwa

Katika miaka ya 1980, mkondo kati ya Mbita na Rusinga uliwekewa tuta la barabara. Magari yakapita, lakini maji yakakosa njia, yakatuama, na magugu maji yakapata makazi, na ndani ya magugu konokono wa kichocho hujificha vizuri. Baadaye lilijengwa daraja, na maji yakapita tena chini yake.

Mzunguko mmoja wa mkono huokoa watoto

Vijijini magharibi mwa Kenya, karibu na visima, liliwekwa tangi dogo la klorini: unazungusha kishikio mara moja, kipimo kinaingia katika mtungi wa lita 20, basi. Mchumi Michael Kremer, mmoja wa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, alikuwa miongoni mwa waliolifanyia utafiti. Mwaka 2023 yeye na wenzake walikusanya majaribio ya nchi mbalimbali na kukadiria kwamba kutibu maji hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban robo.

Taa ndiyo iliyouza mtego

Tumalizie pale tulipoanzia, kwa mitego ya Rusinga. Paneli iliyoendesha feni iliwasha pia taa mbili na kuchaji simu, na wakazi walipoulizwa kilichowavutia zaidi, wengi walitaja taa. Koroboi ya mafuta ikazimwa, moshi wake ukatoweka, na mtoto akafungua daftari usiku. Huko nje, ukutani, feni iliendelea kuzunguka polepole, ikimngoja mbu anayefuata harufu ya miguu.