Laptopu ikipigwa Windows, picha za bidhaa zako zitabaki?

Naongea na wewe ambaye picha za bidhaa, orodha ya oda na madeni ya wateja vyote viko kwenye laptopu. Hebu jiulize: vimekaa diski gani?

Mimi nauza viatu vya watoto. Mzigo nachukua Kariakoo, picha napiga nyumbani, wateja wa mikoani nawatumia kwa basi. Desemba moja, wiki mbili kabla ya Krismasi, laptopu ikagoma. Inaleta alama ya Windows, inazunguka weee, inazima. Nikaipeleka kwa fundi. Akaniambia, "Dada, hapa ni kupiga Windows upya. Una kitu cha muhimu kwenye C?"

Nikamjibu hakuna. Kwa akili yangu C ni ya Windows yenyewe. Vitu vyangu mimi viko kwenye Documents na Pictures.

Kumbe Documents na Pictures ziko humohumo ndani ya C! Desktop pia, na Downloads pia.

Jioni nikarudishiwa laptopu inawaka vizuri, lakini tupu. Picha za mizigo ya miaka miwili, hakuna. Faili la Excel la madeni, hakuna. Nilikuwa nadai watu kama laki sita hivi. Ikabidi nimpigie simu mmoja mmoja. Wapo waliotaja wenyewe wanachodaiwa, Mungu awabariki. Wapo walioniambia, "Dada, mbona nilishamaliza?" Ningebisha kwa ushahidi gani?

Na kilichoniuma zaidi ni hiki: laptopu ileile ilikuwa na diski D. Fundi hakuigusa kabisa. Ina nafasi kibao, na mimi sikuwahi kuweka hata picha moja.

Siku hizi folda zangu zote za biashara zinakaa D. Nazifungua kama kawaida tu, hakuna kilichobadilika machoni. Fanya hivi:

1. Fungua "This PC" uone kama una D. Kama ipo C peke yake, usijaribu kuigawa mwenyewe. Nakili kwanza vitu vyako kwenye diski ya nje, halafu mwambie fundi akugawie au akuongezee diski ya pili.

2. Ingia D, tengeneza folda mpya. Ziite kwa majina unayoyaelewa: Picha, Nyaraka, Mezani. Kila folda unayohamisha iwe na yake.

3. Rudi kwenye Pictures. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua "Properties", halafu "Location".

4. Bonyeza "Move", nenda D, chagua ile folda ya Picha. Bonyeza "Apply". Itakuuliza kama uhamishe na mafaili yaliyomo. Sema "Yes", halafu iache imalize. Laptopu iwe kwenye chaji, maana umeme ukikatika katikati ni balaa.

5. Rudia hivyo kwa Documents, Desktop na Downloads.

Sasa makosa ambayo watu wanafanya:

Usichague D yenyewe bila folda ndani. Ukifanya hivyo D nzima inageuka kuwa Pictures, na kuirudisha ni usumbufu. Wala usielekeze folda mbili sehemu moja, vitu vitachanganyika.

Usihamishe kwenye fleshi. Siku ukiichomoa, Windows itatafuta folda zako na haitaziona.

Usihamishe folda nzima yenye jina lako iliyo ndani ya Users, wala folda ya AppData. Humo ndimo programu zinapoweka mambo yake, na ukiigusa zinaweza kugoma kufunguka. Hamisha zile folda zako tu.

Kama unatumia OneDrive na inanakili Desktop au Documents, nenda kwanza kwenye mipangilio yake usimamishe unakili wa folda hiyo. La sivyo mtakuwa mnavutana, wewe unapeleka D, yenyewe inarudisha kwake.

Na chati za WhatsApp hazihami kwa njia hii. Picha au risiti ya mteja unayoitaka, ipakue uiweke kwenye folda yako.

Siku laptopu ikigoma, mwambie fundi kabla hajaanza: "Futa C tu, D usiguse." Usione aibu kurudia mara mbili. Ukirudishiwa, ingia D utakuta vitu vyako. Ikikuuliza ruhusa ya kufungua folda, bonyeza "Continue". Kisha rudia hatua ya 3 na ya 4 ukichagua folda zilezile, kila kitu kinarudi mahali pake.

Lakini jamani, tusidanganyane. D inakuokoa Windows ikiharibika. Haikuokoi laptopu ikiibiwa au ikimwagikiwa chai. Na mara nyingi C na D ni diski moja iliyogawanywa kama chumba kilichowekewa pazia. Diski ikifa, zimekufa zote mbili. Kwa hiyo mimi kila Jumapili usiku, nikishafunga hesabu za wiki, nachomeka diski ya nje, nanakili folda za D, nachomoa, naiweka kabatini mbali na laptopu. Faili la madeni nalituma pia kwenye barua pepe yangu mwenyewe. Haichukui hata nusu saa, kwa sababu vitu vyote viko sehemu moja.

Leo usiku kabla hujalala, fungua Pictures, angalia kwenye "Location" imeandikwa nini. Ukiona inaanza na C, una kazi ya kufanya.

Ukikwama hatua yoyote, andika hapo chini tusaidiane. Na mtumie muuzaji mwenzio ambaye kila siku analalamika laptopu yake inazimazima. Huyo ndiye anayeihitaji kuliko wote.