Pamba ya Usukumani: hesabu ianze na kilo kwa ekari

Pamba ikilaumiwa duniani kwa kuharibu mazingira, kinachotajwa kwanza ni maji. Asia ya Kati lawama hiyo ni ya haki: tangu miaka ya 1960 maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa mashambani, na sehemu kubwa ya Bahari ya Aral ikakauka. Pamba ya Tanzania haina mifereji ya namna hiyo. Karibu yote hutegemea mvua. Deni letu liko kwenye ardhi na sumu, na mizani ya kituo cha kununulia ndiyo inayolionyesha.

Wakulima wengi wa Simiyu na Shinyanga huvuna kilo 200 hadi 300 za pamba mbegu kwa ekari, ilhali shamba lililotunzwa vizuri linaweza kutoa mara mbili au tatu ya hizo. Tuchukue 250. Ili nchi ipate tani 300,000, lazima zilimwe ekari 1,200,000. Kwa kilo 500, zinatosha ekari 600,000. Nusu nyingine ingebaki malisho, mtama, au pori lisilofyekwa. Kwa mkulima, bei ikiwa shilingi 1,000 kwa kilo, mapato ya ekari moja yanapanda kutoka 250,000 hadi 500,000. Kuvuna kutamgharimu zaidi, lakini ekari ni ileile ya kulima na kupalilia, na dawa ileile sasa inagawanywa kwa kilo mara mbili.

Kilo nyingi hupotea siku ya kupanda. Kwa nafasi ya zamani, sentimita 90 kwa 40, ekari ya mita za mraba 4,000 huchukua mashimo 11,111. Ukiacha miche miwili kila shimo, ni mimea 22,222. Kwa nafasi ya sasa, 60 kwa 30, mimea ni 44,444. Kinachohitajika ni kamba yenye fundo kila sentimita 30: wawili wanaivuta, wengine wanafukua kwenye fundo na kudondosha mbegu. Lakini mashimo yameongezeka maradufu, na mvua ya kwanza inataka mahindi yapandwe wiki hiyohiyo. Anayemwaga mbegu ovyo si mvivu, mikono haimtoshi.

Mimea maradufu hula maradufu. Hapo samadi ni lazima, na Usukumani ng'ombe wapo. Samadi hulundikana zizini kwa sababu shamba liko mbali na mkokoteni hakuna. Mimi ningeweka fedha kwenye mkokoteni kabla ya kuongeza chupa nyingine ya dawa.

Hiyo dawa nayo inyunyiziwe baada ya kukagua vitumba na kuwaona funza, si kwa kufuata kalenda. Wilayani Meatu, ambako pamba hai imelimwa tangu miaka ya 1990, wakulima hupanda alizeti ndani ya pamba ili kuwavuta funza waende kwenye alizeti. Kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno hakuhitaji kununua chochote, na huwanyima wadudu makazi ya kungojea msimu mwingine.

Kila mwaka tunatangaziwa tani. Msimu wa 2005/06 zilifika takriban 376,000, na tunazikumbuka kwa fahari. Tani, hata hivyo, huweza kupanda kwa kufyeka tu. Bodi ya Pamba itangaze pia kilo kwa ekari, wilaya kwa wilaya, na maofisa ugani wapimwe kwa namba hiyo.