S-Class ya zamani: Bei imeshuka, spea hazijashuka

Mercedes-Benz S-Class za toleo la W220, zilizouzwa kuanzia 1998 hadi 2005, zinapatikana katika soko la magari ya mtumba kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ndogo ya kawaida. Hali hiyo inawavuta wanunuzi wa aina mbili jijini Dar es Salaam: mwenye kipato cha kati anayetaka kuonja starehe ya wakubwa, na mfanyabiashara wa kukodisha magari ya harusi. Wote wawili hupiga hesabu ya bei ya kununua, ambayo ndiyo sehemu nyepesi ya mzigo.

Chanzo cha urahisi huo kiko kwa muuzaji. Nchini Japani, gari jipya la binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2. Kodi ya mwaka hupanda kufuatana na ukubwa wa injini, na gari la petroli likivuka miaka 13 huongezewa tena. Mwenye Benz ya lita 5 anayekabiliwa na ukaguzi mwingine ana kila sababu ya kuliachia gari lake mnadani. Kwa maneno mengine, Mjapani anayeuza amekwisha kupiga hesabu ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam bado hajaipiga.

Bandarini urahisi huo hupungua. Kwa viwango vya mwaka 2023, gari lenye injini inayozidi cc 2,000 na umri unaozidi miaka 10 lilitozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, ushuru wa uchakavu asilimia 30, na VAT asilimia 18 juu ya jumla. Tuchukue gari ambalo TRA imelithamini kwa Sh milioni 10. Ushuru wa forodha ni Sh milioni 2.5. Juu ya Sh milioni 12.5 huwekwa ushuru wa bidhaa Sh milioni 1.25 na wa uchakavu Sh milioni 3.75. VAT inaongeza Sh milioni 3.15. Jumla ya kodi ni Sh milioni 10.65, yaani zaidi ya thamani ya gari lenyewe, kabla ya tozo nyingine na usajili. Ieleweke pia kwamba TRA hutumia thamani iliyomo katika mfumo wake, hata kama risiti ya mnunuzi inaonyesha kiasi kidogo zaidi. Kenya imeufunga mlango huo kabisa kwa kukataa magari yaliyozidi miaka 8, hivyo W220 zilizoko Nairobi na Mombasa ni zile zilizoingia zamani.

Baada ya hapo ndipo umiliki unapoanza. Gari hilo lilipokuwa jipya, S500 iliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 70,000. Leo gari limepoteza sehemu kubwa sana ya thamani hiyo, lakini kiwanda hakikupunguza bei ya taa, pampu au kompyuta zake kwa sababu gari limezeeka. Spea hufuata bei ya gari jipya. Mnunuzi wa S-Class kuukuu amenunua gari la bei ya Toyota lenye gharama za gari la mkurugenzi.

Mfano mzuri ni mfumo wa Airmatic. Magari mengi ya toleo hili hayana springi za chuma. Uzito wote hubebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, ambayo huletewa hewa na kompresa moja ya umeme. Mpira huo huzeeka kwa miaka hata kama gari halitembei, na vumbi na makorongo ya barabara za mitaani huharakisha kazi hiyo. Ufa mdogo ukitokea, hewa huvuja polepole na asubuhi gari hukutwa limelala upande mmoja. Likiwashwa huinuka, na mwenyewe huridhika. Kumbe kompresa, ambayo haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo, sasa inapuliza mara kwa mara kuziba pengo, hupata joto na mwisho huungua. Fundi akibadilisha kompresa peke yake, mpya nayo itakwenda njia ile ile. Hapa ndipo wamiliki wengi hulipa mara mbili: kwanza kwa dalili, baadaye kwa ugonjwa. Wapo wanaong'oa mfumo wote na kufunga springi za kawaida. Ni uamuzi wa busara kifedha, ingawa mtu anaweza kuuliza ni kitu gani cha S-Class kilichobaki.

Giaboksi ya gia 5 ni imara, lakini ina udhaifu ambao haugharimu kitu kikubwa ukigunduliwa mapema. Mahali waya zinapoingia kuna plagi yenye mpira mdogo. Mpira ukichoka, mafuta hupenya na kupanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya giaboksi. Zaidi ya hayo, awali kiwanda kilieleza kuwa mafuta ya giaboksi hayahitaji kubadilishwa maisha yote ya gari, mwongozo ambao baadaye ulibadilishwa. Gari lililofuata mwongozo wa kwanza linaweza kuwa bado na mafuta ya zaidi ya miaka 20.

Injini za V6 na V8 zenyewe hazina sifa mbaya. Zinadumu. Ila kila silinda ina plagi 2, hivyo V8 inahitaji plagi 16, na mafuta yake ni lita 8 hivi za sinthetiki kila zinapobadilishwa. V12 ya S600 iachwe: koili zake zimeunganishwa kwenye bloku moja kwa kila upande, na ikifa sehemu moja hununuliwa bloku zima.

Kutu nayo isisahaulike. Benz za miaka ya mwisho ya 1990 zinajulikana kwa kuoza madafrao na chini ya milango, na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar haisaidii.

Kuhusu petroli, S500 katika foleni kutumia lita 18 hadi 20 kwa kilomita 100 si ajabu. Anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, kwa bei ya kukadiria ya Sh 3,000 kwa lita, atatumia Sh 540,000 hadi Sh 600,000. Gari dogo linalokula lita 8 litamaliza mwezi huo kwa Sh 240,000.

Kwa mfanyabiashara wa harusi tatizo ni la aina nyingine. Kilomita zake ni chache, hivyo petroli haimuumizi. Lakini mapato yake yako Jumamosi, na hupungua sana wakati wa Kwaresima na Ramadhani, wakati mpira wa Airmatic hauna likizo. Gari likilala mbele ya kanisa, hakuna fundi wa kuliinua kwa nusu saa. Fedha za mteja hurudishwa na sifa huondoka nazo. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, marejesho ya benki hayasubiri spea kutoka nje. Anayeingia katika biashara hii bila akiba taslimu ya matengenezo, nje ya mkopo, anacheza kamari.

Anayeamua kununua hata hivyo alikague gari asubuhi, likiwa limezimwa usiku kucha, apime urefu wa kila kona kabla ya kuwashwa, kisha lipimwe kwa mashine inayosoma mifumo yote, si injini pekee. Idadi ya funguo iangaliwe, kwani ufunguo wa gari hili ni wa kielektroniki na haukatwi mtaani. S350 au S430 za baada ya maboresho ya 2002 ndizo chaguo la afadhali.

Kuuza tena ni kugumu. Wanunuzi ni wachache na wengi wao wanataka Toyota Crown. Mara nyingi anayetoa bei ya haraka ni muuza spea wa Gerezani, ambaye halihitaji gari zima: anataka milango, taa, viti na giaboksi, na hulipa kufuatana na ngapi kati ya hizo bado ni nzima.