Karamu Moja Haimnenepeshi Mtu

Kengeja, kusini mwa kisiwa cha Pemba, kama ilivyo pwani yetu yote, mgeni hakosi sinia. Ikiwa leo si arusi, ni Idd. Ikiwa si Idd, ni Krismasi, Pasaka au Kipaimara cha mtoto. Majirani Waislamu na Wakristo hupelekeana pilau, biriani, halua na mkate wa kumimina, na kukataa sahani ya jirani ni kumvunja moyo. Je, mtu aliyeambiwa na daktari apunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu au kisukari, afanyeje? Ajifungie ndani?

Tuanze na jambo linalowakatisha wengi tamaa. Mtu amejizuia wiki tatu na kupungua kilo 2. Jumamosi anakula arusini. Jumatatu anapanda mizani na kukuta kilo moja na nusu imerudi. Anasema, "Kazi bure!" na kuacha kabisa.

Kumbe mizani haikumweleza yote. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Watu wazima wengi hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Ili aongeze kilo 1 ya mafuta kwa siku moja, ingembidi ale chakula chake cha kawaida, kisha juu yake chakula cha siku tatu au nne zaidi. Sehemu kubwa ya uzito ule ni maji. Ini na misuli huweka akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Chumvi ya mchuzi nayo huzuia maji mwilini. Akirudia chakula chake cha kawaida, maji hayo hutoka baada ya siku chache.

Lakini hesabu hii ina upande wa pili. Tuseme mama mmoja anapunguza kalori 300 kila siku. Kwa siku sita amepunguza 1,800. Siku ya saba akizidisha 1,800, wiki nzima imekwenda bure. Kwa hiyo karamu ya mara moja kwa mwezi haina neno. Ile ya kila mwisho wa wiki si karamu tena, bali ni mazoea.

Watafiti wa Marekani waliwapima watu wazima 195 kabla na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakatoa matokeo yao mwaka 2000. Kwa wastani watu hao waliongezeka gramu 370 tu. Tatizo ni kwamba uzito huo mdogo haukuondoka miezi iliyofuata. Mwaka baada ya mwaka, haba na haba hujaza kibaba.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusishinde na njaa ili "kuitengenezea karamu nafasi". Mwenye njaa kali hula bila kipimo.

Pili, tuchague. Kama pilau ndiyo tuipendayo, tule pilau, tuache soda. Chupa ya mililita 300 huwa na sukari gramu 30 hivi, na haimshibishi mtu.

Tatu, kumheshimu mwenyeji si lazima kumaliza sinia. Tuonje, tushukuru, tule polepole.

Nne, karamu iishe siku yake. Kiporo cha biriani na halua ya siku tatu huharibu zaidi kuliko arusi yenyewe. Tuwagawie wengine. Kesho yake turudie samaki, mboga za majani na muhogo wa kuchemsha, na tutembee kwa miguu. Tusijipime kila asubuhi. Mara moja kwa wiki inatosha.

Angalizo: anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asiruke mlo ili kufidia karamu, kwani sukari yaweza kushuka ghafla akaanguka. Kwake halua na soda hupandisha sukari siku ile ile, na mwenye shinikizo aogope chumvi. Hao wamwulize mganga wao kabla ya sikukuu, si baada yake.

Mwili hujengwa na sahani za kila siku. Tukizitunza hizo, jirani akituletea sinia tutaipokea kwa furaha.